Binti yangu anasoma maneno 70 kwa dakika ila ukimuuliza kasoma nini anakutolea macho

Seremala wa Nkuhungu

Wakuu habari za jioni, upepo wa leo hapa Dodoma umetutia vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai, poleni mliokuwa barabarani.

Mimi ni seremala na elimu yangu niliishia la saba, nikikosea istilahi nirekebisheni bila matusi. Binti yangu yuko darasa la pili. Kwenye kikao cha wazazi tukaambiwa mtoto wa la pili anatakiwa afikishe maneno 50 kwa dakika akisoma Kiswahili. Mi nikaona hapa hapa, kila jioni nawasha saa ya simu, anasoma, akiongeza maneno kumi juu ya rekodi yake namlipa shilingi 200. Ndani ya miezi miwili katoka 40 mpaka 70 nikawa natamba kiwandani kwetu kama mtu aliyezaa profesa.

Sasa juzi kaja dada yangu toka Mpwapwa, shangazi yake, akamwambia nisomee na mimi hiyo hadithi. Dogo akashusha pumzi moja akaanza, aisee ilikua kama dalali wa mnadani, hakuna nukta hakuna mkato, anavuta pumzi katikati ya neno alafu anaendelea, amemaliza kabla shangazi hajakaa vizuri kwenye mkeka. Kwenye hadithi fisi anamwambia sungura "Umekula karanga zangu?" Shangazi akamuuliza haya nani kala karanga, dogo bila wasiwasi, SUNGURA. Wapi bana, karanga kala panya, iko mwisho wa ukurasa! Nikamwambia rudia hapo, akarudia "umekula karanga zangu" kavu kabisa kama mtu anasoma bei ya saruji. Kiulizo kipo pale kimeandikwa ila kwake ni kama tone la wino.

Shangazi akanigeukia, "kaka, huyu umemfundisha kukimbia, hujamfundisha kusoma." Iliniuma ila nikakosa jibu.

Swali langu, hii ya sauti kupanda na kushuka ni pambo tu ambalo litakuja lenyewe akikua au ni sehemu ya kusoma kwenyewe? Na kama ni sehemu, mzazi wa kawaida anafanyaje?

mlenda mkavu

Mkuu shilingi 200 kwa maneno kumi? Niite mimi nije nikusomee gazeti lote mpaka matangazo ya vifo.

Ticha wa Bahi

Seremala shikamana na shangazi huyo, kaona kitu ambacho wengi wetu tulio darasani hatukioni kwa sababu hatuna muda wa kukiona.

Nafundisha KKK mwaka wa tisa huu, la kwanza na la pili. Ngoja nieleze hiyo 50 imetoka wapi. Mwaka 2013 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa watoto wa la pili, ndo kikaja hicho kigezo cha maneno 50, na 2015 ukaanza mtaala wa KKK wenyewe. Upimaji unakua hivi, mtoto mmoja mmoja anakaa na mpimaji, anapewa kifungu, anasoma sekunde 60, mpimaji anaweka alama kwenye kila neno alilokosea, inatoka idadi ya maneno sahihi. Alafu anaulizwa maswali ya ufahamu. Kwa kazi yake ni kipimo kizuri, bila hicho tungeendelea kudanganyana kwamba watoto wanasoma kumbe wamekariri ukurasa kwa kuangalia picha. Ila hakuna sehemu kwenye ile karatasi ya kuandika kwamba sauti ilipanda kwenye kiulizo. Na kisichopimwa, mwalimu mwenye watoto 112 darasani hakifundishi, niwe mkweli.

Sasa swali lako. Sisi kwenye Kiswahili tunaita kiimbo (sauti kupanda na kushuka), mkazo (silabi inayosisitizwa), na vituo (pa kupumua), wasomi wakiviunganisha na mapigo wanaita arudhi. Usidhani ni pambo. Angalia lugha yetu ilivyo, Mwingereza akitaka kuuliza anapindua maneno, sisi hatupindui chochote. "Umekula" na "Umekula?" ni herufi zilezile, mpangilio uleule, tofauti iko kooni tu. Hiyo "je" tunaiweka tukitaka, na mara nyingi hatuitaki. Kwahiyo mtoto akisoma bila kiimbo, kwa Kiswahili, hajapunguza utamu, amebadilisha maana. Fisi kauliza, yeye kamfanya fisi ametoa hukumu.

Mfano ninaoutumia darasani ni huu, naandika ubaoni:

Mama Juma amekula.
Mama, Juma amekula.

Ya kwanza aliyekula ni mama yake Juma. Ya pili ni mtoto anamshtaki Juma kwa mama. Ukiwapa wasome wote wanasoma sawasawa. Nikiwaambia haya nani kashiba, darasa linagawanyika nusu kwa nusu, wanaanza kugombana, na hapo ndo kamkato kale kadogo kanaanza kuheshimiwa.

Jambo lingine ambalo watu hawalisemi. Watoto wetu HAWASOMI bila sauti ya kupanda na kushuka. Wanayo, tena nyingi, ila ni ya kwaya. Pita nje ya darasa lolote la kwanza asubuhi utaisikia, baaa beee biii, kila mstari unapanda mwishoni, wote kwa pamoja, inapendeza. Mtoto anaubeba wimbo ule mpaka kwenye hadithi, anapandisha pale MSTARI unapoishia badala ya pale SENTENSI inapoishia. Kwenye kitabu sentensi ikivuka kwenda mstari wa pili yeye anaikata kama muwa. Hilo ndo mi naliona kubwa kuliko hata la kasi, na tumelisababisha wenyewe, mi nikiwemo.

Naingia kusahihisha madaftari, ntarudi.

Mzee wa Hoja

Naona tunaanza kuwabebesha watoto mzigo mwingine. Mtoto anayetafuna silabi, a-na-ku-ja, huyo kiimbo atakitoa wapi? Akifika mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau. Kwanza ajue herufi, aunganishe silabi, afike hiyo 50, sauti itajipa. Wewe seremala unapiga msasa na vanishi kabla kabati halijasimama? Na mwalimu unayetaka asikilize kiimbo cha watoto 112 mmoja mmoja atamaliza lini, mwaka 2040?

Zabibu Chungu

Mzee wa Hoja una nusu ya ukweli, na nusu yako ni kubwa kidogo kuliko wengi humu watakavyokubali. Nipo UDOM nasoma lugha na hii mada niliwahi kuifanyia wasilisho nikachoka nayo, leo imenifufua.

Mwaka 2000 Marekani kulikua na jopo la kitaifa la usomaji, lilipoeleza ufasaha wa kusoma lilitaja vitu vitatu, usahihi, kasi, na kusoma kwa sauti inayofaa. Viwili vya mwanzo vikachukuliwa kwa sababu vinahesabika kwa saa, cha tatu kikaachwa kwa sababu kinahitaji sikio. Hilo halikutokea Dodoma peke yake, huko pia wanalalamika hivohivo.

Sasa kuhusu hoja yako. Kuna watafiti, Schwanenflugel na wenzake, mwaka 2004 waliwarekodi watoto wa darasa la pili na la tatu wakisoma, wakapima kwa kompyuta mahali wanaponyamaza na sauti inavyopanda na kushuka. Waliokua na wepesi wa kutambua maneno walikua na vituo vifupi na sauti yao inafanana na ya watu wazima, inashuka vizuri kwenye nukta. Yaani kiimbo kwa sehemu kubwa kilifuata nyuma ya wepesi wa maneno, na mchango wake wa ziada kwenye ufahamu haukuonekana mkubwa. Hapo Mzee wa Hoja piga makofi. Ila miaka miwili baadae Miller na huyohuyo Schwanenflugel wakatumia sentensi ngumu zaidi, zenye maswali na mikato, kwa watoto wa la tatu, na humo kupanda na kushuka kwa sauti kukaonekana kunahusiana na ufahamu. Vituo virefu vya hovyo hovyo vilihusiana zaidi na mtoto kusumbuliwa na maneno.

Kwa lugha ya mtaani, mtoto akikwama katikati ya neno, shida yake bado ni maneno, msaidie maneno. Mtoto kama wa seremala, maneno hayamsumbui kabisa, 70 kwa dakika bila kukosea, alafu sauti imelala kama sakafu, huyo shida yake ni nyingine. Hao ni watoto wawili tofauti msiwapeleke kwa mganga mmoja.

Na usisahau neno letu moja ni sentensi ya mwenzio. "Alipomwandikia" ni neno MOJA kwenye karatasi ya kupimia, Mwingereza hapo angehesabiwa manne matano. Kwahiyo mtu asije akaleta viwango vya kasi vya Marekani akasema watoto wetu wako nyuma.

Ticha wa Bahi

Nimerudi. Zabibu umenisaidia, na Mzee wa Hoja sikupingi kwa wale wa silabi. Kwangu nina kama thelathini ambao bado wanatafuna, hao siwagusi kwenye kiimbo. Ila kitu kimoja nakataa, hiyo ya vanishi. Kiimbo sio vanishi mzee, ni gundi. Mtoto hashikilii maneno kumi kichwani mojamoja, anayashika kwa mafungu. "Bibi yake Asha / aliamka mapema / akaenda kisimani." Mafungu matatu, amemaliza. Akisoma neno neno ana vipande saba mkononi vinadondoka.

Na barabara je? Mwambie mtoto asome "alipanga vitabu barabara" uone. Asiyejua atakwambia vitabu vimepangwa kwenye lami ya Singida. Mkazo ukikaa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, ukikaa ya pili ni sawasawa kabisa. Maneno ya hivyo ni machache kwetu, nakubali, mkazo wa Kiswahili karibu wote unakaa silabi ya pili toka mwisho na mtoto anaujua toka tumboni. Ndo mana nasema kazi kubwa sio mkazo wa neno, ni kiimbo cha sentensi.

Seremala wa Nkuhungu

Asa mimi nafanyaje wakuu, nipeni cha kushika. Ile 200 nimeshaifuta, dogo kaninunia siku mbili.

Ticha wa Bahi

Anza kwa kumsomea wewe. Ukurasa mmoja, taratibu, kidole chako kinatembea, yeye anasikiliza. Alafu soma sentensi moja, yeye anairudia kama mwangwi wa mlimani, na sauti yako anaichukua humohumo. Kesho yake kifungu kilekile, keshokutwa kilekile. Watu wanadhani kurudia hadithi moja mara nne ni uvivu, kumbe kuna bwana anaitwa Samuels aliandika kuhusu kusoma kwa kurudia toka 1979 na bado inafanya kazi, mara ya kwanza akili yote iko kwenye maneno, ya tatu ya nne akili imepata nafasi ya kuangalia fisi anataka nini.

Pili chukua penseli, chora kamstari kembamba pale pa kupumua. Mchore pamoja mkibishana. Msibishane kimya.

Tatu gawaneni, wewe fisi yeye sungura. Mi darasani nawapanga wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake anamwambia "sijakusikia kama unauliza", wanakosoana wenyewe kwa wenyewe wala hawanisubiri. Hapo 112 yako Mzee wa Hoja inakua 56.

Kwa Mtoro

Naomba kuchomekea hapa. Natokea Chemba, lugha ya nyumbani kwetu Kisandawe, ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, na ina toni, yaani sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana. Nilipoanza shule Kiswahili nilikisikia kwa mwalimu na kwenye redio ya jirani tu. Kuna mwalimu alikua akinisimamisha nisome alafu darasa zima linacheka namna ninavyotamka, na yeye anacheka. Nilianza kusoma kwa kunong'ona, mpaka leo nikisimama mbele za watu na karatasi sauti inakauka, na nina miaka 41.

Kwahiyo mnaopanga kupima sauti za watoto tenganisheni lafudhi na kiimbo. Mtoto wa Kigogo, Kirangi, Kisandawe atasoma na lugha ya mama yake mdomoni, na hilo sio kosa. Swali liwe ameuliza palipo na swali? amepumua palipo na nukta? Basi. Mengine muacheni.

Bi Mkubwa wa Ipagala

Mwanangu Kwa Mtoro pole sana, limenigusa.

Nyie watoto mnatafuta mbali kitu ambacho kiko jikoni. Sisi bibi yetu alikua hajui hata herufi a, ila akisema "Hadithi hadithi!" tukajibu "Hadithi njoo!" basi hapo fisi alikua na sauti yake ya puani, sungura na yake ya haraka haraka, na fisi akidanganya unamjua kabla hajamaliza, kwa sauti tu. Ngano za Kigogo zina nyimbo katikati, na ukikosea pa kuitikia unachekwa. Tulivyoingia shule sauti zile tulikua nazo masikioni, herufi zikaja kuzikuta. Wa siku hizi hadithi anaangalia katuni, anayeongea ni katuni. Seremala zima televisheni usiku mmoja umsimulie, usisome, SIMULIA. Mboga ya mlenda ikiwa jikoni, wewe unasimulia.

Mzee wa Hoja

Bi Mkubwa shikamoo. Nimekubali ya kusimulia, haina gharama wala haihitaji mpimaji. Ila nashikilia langu, mkianza kutoa maksi za sauti, watoto wataigiza bila kuelewa. Nimeona watoto wa ngonjera hao, mikono inaruka, macho yanatoka, muulize beti inasema nini, hajui.

Zabibu Chungu

Hilo la ngonjera ni zuri sana Mzee, na linanikumbusha vipimo vya wenzetu. Kuna kile cha Rasinski chenye vipengele vinne, sauti na hisia, mafungu, ulaini, mwendo, kila kimoja unatoa 1 mpaka 4, jumla 16. Kuna na kile cha tathmini ya taifa ya Marekani chenye ngazi nne, ya chini kabisa neno neno, ya juu mafungu makubwa yenye maana. Angalia hizo ngazi zinavyozingatia MAFUNGU, yaani mtoto anaunganisha nini na nini. Kurusha mikono hakukuongezei ngazi. Mtoto mpole anayesoma kwa sauti ya chini lakini anavunja sentensi panapostahili anaweza kumzidi mwigizaji wa ngonjera.

Seremala wa Nkuhungu

Wiki mbili zimepita nimekuja na mrejesho.

Siku ya kwanza nilimrekodi kwa simu akisoma ule mtindo wake wa mnada, nikampa asikilize. Akasikiliza na uso umekunjamana alafu akaniuliza "Baba, huyu mtu anakimbizwa na nani?" Nilicheka mpaka randa ikanidondoka. Sikuongeza neno, toka hapo alianza kupumua mwenyewe.

Mwangwi tumefanya, penseli tumechora, kitabu cha shule kimejaa vimistari nimeshapata ujumbe wa malalamiko toka kwa mwalimu wake, nimevifuta. Tatizo likaja kwenye fisi. Kanogewa. Anasoma KILA kitu kwa sauti ya fisi, ya puani, mpaka hesabu, "Juma ana machungwa manane" kama mtu anataka kumla Juma. Mzee wa Hoja ulinitokea usingizini.

Kasi imeshuka, nisifiche. Juzi nilipima kimyakimya, 58. Moyo uliniuma kama nimepoteza hela.

Ticha wa Bahi

58 bado uko juu ya 50, tulia. Itarudi. La fisi usimkataze, muulize swali moja tu kila akiigiza, "kwanini umesema hivyo?" Akikujibu kwa kutumia hadithi, muache. Akikujibu "basi tu", mrudishe ukurasani.

mlenda mkavu

Mi nilikuja kucheka humu, nimeishia kumsomea mwanangu ukurasa mzima wa hadithi leo. Kasinzia ukurasa wa kwanza, sijui hiyo ni ngazi ya ngapi kwenye kile kipimo cha Zabibu.

Seremala wa Nkuhungu

Mrejesho wa mwisho alafu mniache nikalale, kesho nina milango sita ya mtu wa Mtumba.

Jana jioni nilikua napiga randa mikono ina vumbi, simu ikalia meseji. Nikamwambia dogo nisomee. Ilikua toka kwa mama yangu kule Mpwapwa, anaandikiwa na mjukuu mmoja ambaye nukta kwake ni anasa. Ilikua hivi, neno kwa neno:

"salama huku mbuzi wameuzwa wawili wamebaki hela atakuja nayo shangazi"

Dogo akasoma mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida. Akanyamaza. Akarudia, "mbuzi wameuzwa wawili... wamebaki." Akanyamaza tena. "Mbuzi wameuzwa... wawili wamebaki." Akaniangalia, "Baba, sasa ni ipi? Hajaweka mkato."

Nikasimamisha randa. Kwa sababu ile ya kwanza nina hela ya mbuzi wawili, ile ya pili nina hela ya wote kasoro wawili, na mimi niliacha mbuzi watano. Nikapiga simu palepale, dogo kasimama pembeni anataka kujua nani kashinda. Mama akacheka, akasema zote mbili ziko sawa, wameuzwa wawili na wawili wamebaki.

Dogo karidhika kabisa kaenda kula. Mimi ndo nimebaki nahesabu vidole, mbili na mbili ni nne. Wa tano namfungulia uzi wake.